Kinywa na Sikio: Juu ya Picha Kubwa ya Muhubiri Anslo na Bibi Yake

Katika kurasa hizi tumezoea kusema juu ya vitabu. Safari hii tunataka kusema juu ya picha moja, kwa maana picha hiyo inagusa kazi ambayo wengi wetu wanajitayarisha kuifanya: kazi ya kusema neno mbele ya watu. Ni picha ya bwana na bibi yake. Ilichorwa Amsterdam, katika inchi ya Uholanzi, mwaka 1641, na fundi Rembrandt van Rijn. Bwana ni Cornelis Anslo, muchuuzi wa nguo na muhubiri. Bibi ni Aaltje Schouten, muke wake wa ndoa.

Kwanza tutaje ukubwa wake. Toka chini hadi juu ina karibu metri 1.74, na toka upande mumoja hadi upande mwingine inapita metri 2. Watu wale wawili wanaonekana kwa ukubwa ule ule walio nao watu wanapoketi mezani. Wasomaji wetu wengi wataijua kwa njia ya vitabu tu, ambamo imepunguzwa hata kuwa sawa na kiganja cha mukono. Anayeitazama hivyo yampasa kujilazimisha kidogo: afikiri ya kwamba anaingia katika chumba, na watu wawili wako mle, na mumoja wao anasema, naye hawezi kupita bila kusimama. Picha yenyewe iko leo Berlin, katika nyumba ya picha iitwayo Gemäldegalerie, iliyoipata mwaka 1894 toka Uingereza.

1. Fundi na watu aliowachora

Rembrandt alizaliwa Leiden mwaka 1606. Baba yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Mwaka 1641 alikuwa na miaka 35, naye alikuwa amekwisha kujulikana sana Amsterdam kwa kuchora sura za watu. Wenye mali walimwendea wapate kuchorwa, naye aliwachora jinsi walivyo: mwenye makunyanzi na makunyanzi yake, mwenye pua nene na pua yake nene. Ndiyo sababu tunamwita fundi wa mambo yalivyo.

Juu ya bwana na bibi alikuwa amekwisha kujaribu njia mbili. Mwaka 1633 alimuchora fundi wa kuunda merikebu, Jan Rijcksen, pamoja na muke wake Griet Jans. Muzee anaketi kwenye kazi yake, bikari mukononi. Bibi anaingia kwa haraka akileta barua, na mukono wake mumoja ungali umeshika mulango. Mwaka uliofuata, 1634, aliwachora vijana wawili matajiri, Maerten Soolmans na Oopjen Coppit, wakisimama kwa kimo chao chote, lakini kila mumoja katika picha yake. Picha hizo mbili zilinunuliwa mwaka 2016 na Ufaransa na Uholanzi kwa shirika, kwa euro milioni 160. Ni kazi nzuri sana. Nguo zinang'aa, viatu vina maua ya lasi. Lakini kati ya mume na muke pana mbao mbili za kiunzi na kipande cha ukuta, na mume ananyosha glavu yake kuelekea mahali ambapo muke angekuwa. Katika picha ya Anslo fundi aliirudia njia ya kwanza, na kuiendesha mbali zaidi.

Anslo alizaliwa mwaka 1592. Alikuwa mumoja wa Wamennoniti, wale wanaofuata mafundisho ya Menno Simons, ambaye alikuwa padri katika Frisia mpaka alipoiacha Eklezya Katolika mwaka 1536. Jina hilo si geni katika inchi yetu: tangu mwanzo wa karne ya 20 Wamennoniti wana misioni na makanisa katika Kasai, na baadaye katika Kwilu, nao ni wengi. Hawawabatizi watoto wachanga, hawaapi kiapo, hawashiki silaha. Katika kundi la Anslo wahubiri walichaguliwa kati ya ndugu wenyewe, wakaendelea na kazi yao ya kila siku. Basi Anslo aliuza nguo muda wa juma, na siku ya Bwana alifungua Kitabu Kitakatifu. Tukumbuke tena ya kwamba katika Amsterdam ya siku zile Wamennoniti na Wakatoliki walishiriki neno moja: wote wawili walisali katika nyumba ambazo kwa inje hazikuonyesha kuwa makanisa, kwa maana kanisa la wazi lilikuwa moja tu, lile la Wakalvini.

2. Picha yenyewe

Tuitazame sasa toka kushoto. Pale pana meza iliyofunikwa zulia zito, na juu yake vitabu. Kimoja ni kikubwa sana, nacho kimefunguliwa na kuegemezwa. Kurasa zake zinapokea mwanga. Karibu na vitabu pana kinara chenye mishumaa. Lakini nuru ya picha haitoki katika mishumaa ile. Inatoka kushoto juu, inje ya picha. Inaanguka juu ya kitabu, inapita juu ya mukono wa bwana, inafika kwenye uso wa bibi na kwenye kola yake nyeupe yenye mikunjo. Anayefuata njia ya nuru atakuwa amekwisha kuisoma picha yote.

Meza tunaitazama kutoka chini, kama watoto wanaotazama meza ya wakubwa. Hii inatuonyesha ya kwamba picha ilikusudiwa kuangikwa juu ukutani. Wenye nyumba wangeinua macho, na kitabu kingekuwa juu ya vichwa vyao.

Bwana anaketi karibu na katikati. Amevaa kofia pana nyeusi na joho lenye manyoya. Ni nguo zisizo na rangi, kama ilivyowapasa watu wa kundi lake. Lakini mwenye kujua nguo ataona mara moja ya kwamba ni za bei kubwa. Rembrandt hakuficha jambo hilo. Muhubiri ni muchuuzi, na muchuuzi amefanikiwa. Amegeuza kichwa kuelekea muke wake, na kinywa chake kimefunguka. Mukono wake wa kushoto umenyoshwa mbele, vidole wazi, kati ya kitabu na bibi. Mukono ule unakuja kwetu toka ndani ya picha, hata mutazamaji angesema unatoka katika kitambaa. Hauonyeshi mbingu, wala hautishi. Ni mukono wa mutu anayeeleza jambo polepole na kutaka lieleweke.

Bibi yuko kuume. Si kijana tena. Amevaa nguo nyeusi na kofia nyeupe, na mukononi ameshika kitambaa kidogo. Kichwa chake kimeinama kidogo upande wa bwana, lakini hamutazami bwana machoni. Macho yake yanakwenda chini, upande wa kitabu, na pengine hayatazami kitu cho chote. Kila mutu aliyepata kusikiliza jambo zito anajua macho yale: mutu anaacha kutazama ili apate kusikia.

Kwa sababu ya kitambaa kile na uso ule wenye huzuni kidogo, wako watu waliodhani zamani ya kwamba yeye ni mujane anayetulizwa na muhubiri. Sivyo. Katika karne ya 18 mumoja wa uzao wa Anslo alieleza ya kwamba ndiye muke wake, na ya kwamba bwana anasema naye juu ya Maandiko. Tunafurahi kwa kusahihishwa jambo hilo, maana kwa kosa lile picha ilipoteza nguvu yake yote. Kumutuliza mujane ni kazi ya muhubiri mbele ya watu. Kusema neno la Mungu na muke wako, ambaye anajua hasira yako, bei unazotoza na usingizi wako, ni kazi nyingine, tena ni ngumu zaidi.

3. Shindano la neno na sanamu

Katika Amsterdam aliishi wakati ule mutunga mashairi mukubwa wa Waholanzi, Joost van den Vondel. Naye alikuwa zamani shemasi kati ya Wamennoniti. Kisha, karibu na mwaka ule ule wa 1641, aliingia katika Eklezya Katolika. Vondel alitunga mistari mine juu ya sura ya Anslo kama ilivyofanywa na Rembrandt. Maana yake kwa ufupi ni hii: Rembrandt na aichore sauti ya Anslo, kwa kuwa linaloonekana ndilo dogo, lisiloonekana huingia kwa masikio, na mwenye kutaka kumuona Anslo ampasa kumusikia.

Ni neno kali kwa fundi wa picha. Ni kama kumuambia mupishi ya kwamba chakula chake kina sura nzuri. Tena Wamennoniti wenyewe walilipenda neno kuliko sanamu. Na Rembrandt alilijua shindano hilo. Katika mwaka ule ule wa 1641 alimuchora Anslo peke yake kwa sindano juu ya shaba, ili sura yake ichapwe kwenye karatasi. Pale muhubiri anaonyesha kitabu. Nyuma yake ukutani unaonekana musumari mutupu, na chini pana picha iliyoondolewa na kugeuzwa uso kuelekea ukuta. Wataalamu wengi wanasoma hivi: mbele ya neno, sanamu inashuka na kunyamaza. Fundi wa picha mwenyewe amekubali, katika picha, ya kwamba picha haitoshi!

Lakini katika picha kubwa hakukubali vivyo hivyo. Wako wanaofikiri ya kwamba picha kubwa ni jibu lake kwa shindano lile, nasi tunaona ya kwamba, hata kama hakuikusudia hivyo, yenyewe inajibu. Je, sauti inachorwaje? Wengine wangefungua kinywa cha muhubiri sana, wakamufanya apige kelele. Wengine wangeandika maneno kwenye utepe utokao midomoni, kama walivyofanya mafundi wa zamani katika picha za Malaika Gabrieli na Bikira Maria. Rembrandt alifanya jambo jepesi zaidi: alichora sikio. Hatuwezi kusikia Anslo anasema nini. Lakini tunamuona mutu anayemusikia, na katika uso wake tunasadiki ya kwamba sauti iko. Mutie kidole juu ya uso wa bibi, mumufunike, kisha mumutazame bwana peke yake: mara anakuwa mutu aliyefungua kinywa katika chumba kitupu. Ondoeni kidole, naye anasema tena.

Hapo ndipo tunapoona ukubwa wa kazi hii, kupita metri zake. Paulo Mutakatifu aliwafundisha Waroma ya kwamba imani yatoka katika kusikia. Sisi tunaojifunza kuhubiri tunatumia saa nyingi kwa kinywa: sauti, mukono, mupango wa mafundisho, mifano. Fundi huyu alitoa nuru yake nzuri zaidi kwa yule anayenyamaza.

4. Malalamiko mawili

Wako watakaosema: picha hii ni ya bwana tu. Yeye yuko karibu na katikati, yeye anasema, yeye ana vitabu. Bibi amesukumwa pembeni, akapewa kitambaa cha kushika na kazi ya kuitika. Je, hii ndiyo ndoa?

Malalamiko haya yana haki ndani yake, wala hatutaki kuyapita kwa haraka. Ni kweli ya kwamba meza na vitabu vimepewa karibu nusu ya nafasi, na watu wawili wamesongamana katika nusu ya pili. Ni kweli tena ya kwamba Rembrandt, aliyemuonyesha bibi wa fundi wa merikebu akiingia kwa nguvu na kukatisha kazi ya mume, hapa hakumupa bibi tendo lo lote linaloonekana kwa mbali. Kama tungepewa picha moja tu ya kuonyesha ndoa nzima, tungeichagua ile ya mwaka 1633. Mle wote wawili wanatenda, na kuna kicheko kidogo chini ya mambo. Katika nyumba ya Anslo hakuna kicheko.

Lakini hatukubali ya kwamba kusikiliza ni kutotenda. Mutazame tena uso wa bibi. Haitiki. Hakuna tabasamu la kumupendeza bwana, wala uso wa mwanafunzi anayeogopa mwalimu. Anapima. Neno limefika kwake, naye bado hajasema kama amelipokea. Na bwana anajua jambo hilo: ndiyo sababu mukono wake uko wazi namna ile, na mwili wake wote umegeukia upande wa muke, si upande wetu tunaotazama. Muhubiri aliyesifiwa na muji anangoja hukumu ya mutu mumoja. Anayedhani ya kwamba katika nyumba ile ni kinywa tu kilichokuwa na mamlaka, hajapata kumuona mutu akisema mbele ya sikio lisilodanganywa.

Malalamiko ya pili ni ya namna nyingine. Wengine watauliza: kama watu hawa walilipenda neno na kuogopa sanamu, mbona walijichoresha kwa kipimo cha wafalme, na manyoya yao juu? Hapa hatuwatetei. Utajiri uko, na nguo nyeusi za bei kubwa ni njia ya kuwa munyenyekevu bila kupoteza cho chote. Tunasema tu ya kwamba fundi aliwafanyia kazi ya rafiki wa kweli: hakuondoa manyoya, wala hakuyaweka mbele. Aliyachora yalivyo, kisha akaipeleka nuru mahali pengine.

5. Ndoa iliyochorwa, na ndoa zetu

Tukitaka kufahamu vema kilicho kipya katika picha hii, tuisimamishe karibu na ile ya Jan van Eyck, fundi wa Bruges katika Ubelgiji, aliyomuchora Arnolfini na bibi yake mwaka 1434. Ile ni ndogo, haifiki metri moja. Mume na muke wanasimama, mukono katika mukono, wakielekea kwetu. Nyuma yao kioo, kando yao viatu, mbwa, kitanda. Kila kitu ni kama ushuhuda ulioandikwa mbele ya watu. Ni picha ya wawili walioungana. Picha ya Anslo ni ya wawili walioungana zamani na wangali na neno la kuambiana. Mikono yao haigusani. Kati yao pana sauti tu, na sauti ile imekuwa fundo lao.

Katika nyumba nyingi za Wakristu kwetu kuna foto ya arusi ukutani. Bwana na bibi wanasimama wima kama askari, wanatazama mashini, na mara nyingi hakuna anayejua kwamba mwenzake yuko karibu. Hatuzicheki foto hizo. Zinashuhudia siku tukufu. Lakini zinashuhudia siku moja. Ni nani atakayetuonyesha mwaka wa kumi na tano? Ni nani atakayemuchora katekista wa kijiji, jioni, amerudi toka shamba, kitabu mezani, akijaribu kwa muke wake mafundisho atakayoyatoa kesho, na muke akiacha kupepeta muchele ili asikie kama neno lile ni la kweli nyumbani kabla halijawa la kweli katika kapela? Nyumba za namna hiyo ziko. Sisi tumelelewa na baadhi yao. Kwa miaka mingi Eklezya katika inchi yetu ilisimama juu ya makatekista, na kila katekista alikuwa na musikilizaji wake wa kwanza, ambaye jina lake halikuandikwa mara nyingi katika vitabu vya misioni.

Rembrandt mwenyewe, alipokuwa akichora nyumba ile ya watu wawili, alikuwa na ya kwake yenye kujaribiwa. Yeye na muke wake Saskia waliwazika watoto watatu wachanga. Mwana wao Titus alizaliwa mwaka ule ule wa 1641, na katika Juni 1642 Saskia akafa. Hatusemi ya kwamba huzuni hiyo imo katika picha ya Anslo. Fundi mwema hulipwa ili achore nyumba ya mwingine. Anslo naye hakukaa muda murefu: alikufa mwaka 1646, na kinywa kile kikafungwa. Mahubiri yake hayasomwi tena na watu wengi. Kilichobaki ni uso wa muke wake anayeyasikiliza.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu, hasa wale walio karibu kupewa daraja takatifu, waitafute picha hii katika kitabu cho chote kizuri na kuikalia kitako robo saa. Waanze kwa kitabu kilicho mezani, wafuate nuru hata kwenye mukono, toka mukono hata kwenye uso wa bibi, na hapo wasimame. Padri hana muke wa kumupima namna ile jioni. Yampasa basi ajitafutie sikio lingine lisilodanganywa: ndugu yake padri, katekista muzee, mama wa kijiji asiyeogopa kunyamaza anapoambiwa jambo lisilo na uzito. Na akimupata, mukono wake uwe wazi kama ule wa Anslo, na kinywa chake kijue kungoja.